Kamera ya majini kwa laki tatu na ishirini: uzoefu wangu Hombolo

Sisi wafugaji wa samaki tuna kipimo chetu cha maji. Unazamisha mkono bwawani taratibu, kiganja kikiwa wazi, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Vidole vikipotea machoni hapo kwenye kiwiko, maji yana rutuba ya kutosha na samaki wana chakula. Vikipotea mapema, kijani (vimelea vidogo vya mwani) kimezidi. Ukiendelea kuviona vizuri, bwawa lina njaa. Naanza na mkono huu kwa sababu ndio ulionifundisha kununua kamera, na ningeusikiliza mapema ningeokoa fedha.

Nina mabwawa mawili Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na nauza vifaranga wa sato. Wateja wangu wengi wako mbali: Bahi, Kongwa, wengine Manyoni. Mtu wa Manyoni hawezi kutuma fedha kabla hajaona anachonunua, na simlaumu. Lakini kuwavua vifaranga kwa wavu kila simu inapoita ni kuwaumiza. Wanagongana, wanapoteza magamba, na kesho yake unaokota waliokufa. Nilitaka kuwaonyesha wakiwa ndani ya maji, wanaogelea, wanakula, bila kuwagusa. Bajeti yangu baada ya kudunduliza msimu mzima ilikuwa Sh 350,000, pamoja na memori kadi.

Nilianza na njia rahisi, ule mfuko wa plastiki wa simu unaoning'inizwa shingoni. Maji hayakuingia. Shida ni kwamba kioo cha simu kikiwa ndani ya maji hakisikii kidole, maana maji yenyewe yanakigusa kila upande. Nilitumia kitufe cha sauti kupiga picha, zikatoka na ukungu, plastiki imejikunja mbele ya lenzi.

Kisha nikanunua kamera ndogo ya michezo, Sh 85,000 nje ya bajeti ile. Sitaitaja chapa wala duka. Boksi limeandikwa "mita 30" kwa herufi kubwa. Nyumbani ndipo nilipoelewa kwamba hizo mita 30 ni za kile kikasha cha plastiki kinachoifunika. Kamera yenyewe, ikiwa nje ya kikasha, hata mvua haiwezi. Sikuona tatizo, nikasema nitaitumia na kikasha chake. Ulikuwa mwezi wa tisa, na anayeishi Dodoma anajua upepo wa mwezi wa tisa unavyobeba vumbi. Nilifungua kikasha kando ya bwawa kubadilisha betri, nikafunga, nikazamisha. Dakika tano hazikufika, nikaona tone la maji limetulia ndani ya kioo. Nilipofungua, kwenye mpira wa kuzibia (mafundi wanauita sili) kulikuwa na punje moja ya mchanga. Moja tu. Kamera haikuwaka tena.

Hapo ndipo nilipouangalia mkono wangu upya. Mwanga wa macho katika bwawa zuri unaishia sentimita thelathini, arobaini. Bwawa langu lote lina kina cha mita moja na nusu hivi. Kwa nini nilikuwa nanunua mita 30? Kila muuzaji anasifia kina na megapikseli, na vyote viwili havikuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa vumbi kwenye sili, na kamera inayoweza kuona kitu kilicho karibu sana. Nikaandika mahitaji yangu nyuma ya daftari la chakula cha samaki: mlango wa betri wenye kufuli, lenzi pana inayolenga kwa karibu, na Wi-Fi.

Wi-Fi naieleza kidogo, maana wengi wanaiona kama pambo. Kamera nyingi za aina hii zina mlango mmoja tu, na ndani yake kuna betri, kadi na tundu la chaji, vyote pamoja. Kila ukifungua ili uchomoe kadi, umefungua njia ya vumbi. Kamera yenye Wi-Fi inakurushia picha kwenye simu mlango ukiwa umefungwa. Kwa mtu anayefanya kazi shambani huku kwetu, hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya kamera.

Nilizipitia kadhaa. Inayosifiwa kuliko zote ni Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019, na ndugu yake TG-7 iliyotoka 2023 kwa jina la OM System. Zinakwenda mita 15, lenzi yake inapokea mwanga mwingi, na zinaweza kulenga kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya kioo. Kwa mfugaji wa vifaranga hiyo ndiyo kamera. Lakini mpya ilikuwa zaidi ya milioni moja, nikaiacha. GoPro, nayo kamera ya michezo, nyingi tangu HERO5 ya mwaka 2016 zinazama mita 10 bila kikasha, na video zake ni nzuri sana, ila imetengenezwa kuona mbali, na katika maji ambayo mwisho wa kuona ni kiwiko isingenifaa. Nikon Coolpix W150 ni nyepesi, mita 10, megapikseli 13, ina Wi-Fi. Kodak PixPro WPZ2 ni mita 15, nayo ina Wi-Fi. Zote mbili zilikuwa karibu na uwezo wangu, lakini ilikuwa lazima niagize bila kuishika mkononi, na baada ya yale yaliyonikuta sikuwa tayari.

Ndipo nikapata tangazo la Fujifilm FinePix XP140 ya mtumba, hapa hapa mjini. Ni kamera ya mwaka 2019. Inazama mita 25, inavumilia kuanguka kutoka mita 1.8, haiingizi vumbi mlango ukiwa umefungwa, ina Wi-Fi na Bluetooth, na lenzi yake ni pana, milimita 28 kwa hesabu ya kamera za filamu. Kijana aliyekuwa akiiuza alitaka Sh 380,000.

Tulikutana karibu na soko la Majengo. Akaanza kunisifia: "Mama, hii inakwenda mita 25, hata baharini unaingia nayo."

Nikamwambia, "Mwanangu, bwawa langu halifiki hata mita mbili. Nifungulie mlango wa betri niuone mpira."

Hili ndilo ningeomba kila mnunuzi alifanye, hata kama anapitwa na basi. Nilipitisha ukucha taratibu juu ya sili kuona kama imekauka, imepasuka au imelegea. Nikaangalia vyuma vya betri: unga mweupe au wa kijani hapo maana yake maji yalishaingia siku moja, na muuzaji hatakuambia. Nikaielekeza lenzi kwenye tochi ya simu kutafuta ukungu au alama za matone yaliyokauka kwa ndani. Nikaikagua na pembe zake, maana kamera iliyoanguka vibaya inaweza kuwa imepinda kidogo mlangoni hata kama inawaka vizuri.

Baadaye nikamwomba ndoo ya maji. Alisita, nikamweleza kwamba nitatoa betri na kadi kwanza. Nikafuta sili kwa kitambaa kikavu, nikaweka kipande cha tishu mahali pa betri, nikafunga, nikazamisha dakika ishirini. Tishu ilitoka kavu. Ndoo haithibitishi mita 25, kwa sababu kila mita 10 za kina zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, na ndoo haina mgandamizo wa maana. Lakini sili iliyopasuka itajionyesha hata kwenye ndoo. Tukapatana Sh 320,000. Memori kadi nilinunua kwa fedha iliyobaki.

Kina nimekidharau hapo juu, kwa hiyo niseme na upande wake wa pili. Watengenezaji wengi wanashauri sili ibadilishwe kila mwaka, na mita wanazoandika ni za kamera mpya. Kamera ya mtumba usiipeleke kwenye kina kilichoandikwa. Mimi nimechukua ya mita 25 naitumia kwenye mita moja, ili uzee wa mpira uwe na nafasi. Ukinunua ya mtumba yenye mita 10 ukaenda nayo mita 8, unacheza na fedha yako.

Sasa ina miezi saba mikononi mwangu. Nimeifunga kwenye mwanzi kwa skrubu ya stendi iliyo chini yake, nabonyeza video nikiwa juu, nazamisha polepole, nasubiri. Dakika mbili za kwanza samaki wanakimbia. Ya tatu wanarudi kuchungulia, na hapo ndipo picha zinapopatikana. Saa tano hadi saa nane mchana, jua likiwa juu, ndio wakati wake. Lenzi ya kamera hii haipokei mwanga mwingi kama ile ya TG-6, kwa hiyo asubuhi na jioni siisumbui. Flashi nimeizima kabisa majini, kwa sababu mwanga wake unagonga chembe za kijani na picha nzima inajaa nukta nyeupe. Zumu nayo haina kazi: ukivuta unavuta kijani tu. Sogeza mwanzi. Na anayetafuta video ya 4K ajue kwamba hii inatoa fremu (picha) 15 tu kwa sekunde, samaki wanaonekana wanarukaruka. Nabaki kwenye HD, na wateja wangu wanaitazama kwenye simu bila shida.

Matunzo yake kwa hali ya Dodoma nimeyajifunza kwa makini. Mlango unafunguliwa ndani ya nyumba tu, feni ikiwa imezimwa, mikono ikiwa mikavu. Sili naifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana hata unywele mmoja unapitisha maji. Sipaki mafuta ya mgando, yananasa vumbi. Nikifika bwawani na pikipiki, naiweka kivulini kwanza. Kamera iliyochomwa na jua ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, unapata ukungu kwenye lenzi au inavuta maji pale sili ilipo dhaifu. Baada ya kazi naisuuza kwa maji ya mvua niliyoyahifadhi. Kisima chetu kina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye mlango inabaki kama mchanga mweupe. Kwenye kamera nimefunga kamba yenye sponji ya rangi ya chungwa inayoelea, kwa sababu kamera yenyewe inazama kama jiwe, na kwenye tope la bwawa huwezi kuitafuta bila kuwavuruga samaki wote.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa narekodi ndani ya "hapa", yaani ule wavu tunaotunzia vifaranga, kwa ajili ya mteja wa Kongwa aliyetaka elfu mbili. Usiku nilipoitazama video, nikaona vifaranga watatu wanapita upande wa nje. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Kwenye kona ya chini, mahali ambapo mkono hauwezi kuona, kulikuwa na tundu la upana wa vidole viwili. Asubuhi mapema niliingia na sindano na uzi, nikalishona kwa kupapasa, mwanangu ameshika mwanzi juu yangu anarekodi ili tuhakikishe limeziba.

Mteja wa Kongwa alipata elfu mbili wake kamili.