Programu za makumbusho mtandaoni kwa familia: uanze na ipi kabla hujatoa hela

Wazazi wenzangu, likizo ikifika watoto wanashinda kwenye simu, nikaona kama ni simu basi bora waangalie kitu cha maana. Ninao wawili, mkubwa yuko la sita na mdogo la pili, tumejaribu programu nyingi za makumbusho na karibu zote nitakazozitaja hapa ni za bure, kwa hiyo kiukweli unachonunua ni bando. Ndo maana nimezipanga kwa kuangalia vitu viwili, zinakula MB kiasi gani, na mtoto ambaye Kiingereza bado kinampa shida anaambulia nini, maana karibu zote ni za Kiingereza na mkalimani ni wewe mzazi, hilo lijue mapema.

Namba moja kwangu ni Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco, Marekani, yaliyoanzishwa 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer. Wana kurasa zinaitwa Science Snacks, ni majaribio madogo madogo ya kufanya na vitu vya nyumbani. Unafungua ukurasa mmoja, maelezo na picha basi, unasoma, unazima data mnatoka zenu uani. Sisi tulianza na lile la kusimamisha fimbo kidoleni: mnatafuta ufito mwembamba, mnabandika tonge la udongo karibu na ncha moja, halafu mnajaribu kuusimamisha kwenye ncha ya kidole, kwanza tonge likiwa chini karibu na kidole, kisha mnageuza linakuwa juu. Mdogo alibisha sana, kwamba uzito ukiwa chini ndo ufito utatulia, tukajaribu ukawa unaanguka kila saa, tukageuza tonge likawa juu, akatembea nao mpaka getini mkono umenyooka na hapepesi macho. Ni kwamba uzito ukiwa mbali na kidole ufito unachelewa kulala, kwa hiyo mkono unapata muda wa kuufuata. Udongo wa mfinyanzi ukikosa, unga wa ngano uliokandwa mgumu unafaa kabisa. Jaribio moja linakula jioni nzima, bando halijaguswa.

Namba mbili, africanfossils.org. Hii naipenda kwa sababu ni ya kwetu, mafuvu na zana za mawe za kale, nyingi zimetoka eneo la Ziwa Turkana kule Kenya, zimepigwa skani za 3D unazungusha kwa kidole, unageuza fuvu chini juu unaangalia meno, unaona na lile tundu ambalo uti wa mgongo unapitia. Maneno ni machache kwa hiyo lugha haisumbui. Mkubwa wangu alikaa nayo analinganisha taya na mafuvu mpaka akaanza kuniuliza mbona hiki cha huyu kimetokeza hapa juu ya macho, mimi mwenyewe ikabidi nikasome. Kwenye kompyuta inapendeza zaidi kuliko simu ndogo. Na mkiwa Dar, msiishie kwenye skrini, wapelekeni Makumbusho ya Taifa pale Posta wakajue habari za Zinjanthropus, fuvu aliloligundua Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, wa Nairobi nao wana yule kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale, mabaki yake yalianza kuonekana 1984, na aliyeyaona ni Kamoya Kimeu.

Tatu naweka Google Arts & Culture. Ipo tangu 2011, ina makumbusho kibao ya dunia nzima na kuanzia 2019 kuna mkusanyiko mkubwa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuhusu makabila ya kule, vyombo, mavazi, mashujaa. Shida ni kwamba ni bahari, mtoto anaruka kutoka hiki kwenda kile nusu saa inaisha hajashika kitu na bando limekwenda. Mzazi chagua mada moja usiku wa kuamkia siku hiyo, muingie na hiyo tu.

Nne, Rijksmuseum ya Amsterdam, hii kwa wenye Wi-Fi. Kuna mchoro wa Rembrandt wa 1642, The Night Watch, walioupiga picha 8,439 wakaziunganisha ikawa picha moja ya pikseli bilioni 717, wakaiweka mtandaoni 2022. Unavuta unavuta mpaka unaona nyufa za rangi kwenye jicho la mtu. Picha zao nyingi unapakua bure, chapisha moja steshenari mtoto aijaze rangi zake.

#metkids ya Metropolitan ya New York ni ya miaka 7 mpaka 12, ina ramani na video, nzuri ila Kiingereza kingi. Tate Kids ya Uingereza ina gemu za kuchora. OLogy ya American Museum of Natural History kwa anayeuliza maswali ya wanyama na nyota.

Madarasa ya laivu ya kulipia nayaweka mwisho, na si kwamba ni mabaya, mwalimu anayejibu swali la mwanao uso kwa uso ni kitu kikubwa. Ila mimi nlilipia moja la Marekani limeandikwa saa moja jioni, kumbe saa moja ya kwao, kwetu saa nane usiku, watoto wamelala fofofo na hela haikurudi. New York tumewapita saa 7 au 8 kutegemea msimu, London 2 au 3. Kwa hiyo kabla hujalipa waandikie emaili uulize: ni saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki, bei ni ya kila mtoto au ya nyumba nzima, darasa moja lina watoto wangapi, video inarekodiwa ukikatika umeme, vifaa vinavyotakiwa vinapatikana huku, na ukiahirisha hela inarudi? Majibu yakishafika ndo ulipe, na kwa mara ya kwanza lipia kipindi kimoja tu, usichukue kifurushi cha mwezi.