Uzoefu wangu: siku nzima ya kupumzika Mbeya na nyumba ya wageni iliyotupokea

Mwishoni mwa mwezi wa Juni tulisafiri kwa gari letu, mimi, mke wangu na watoto watatu, kutoka Dar es Salaam kwenda Kyela kwa wakwe zangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ambayo tumeifanya safari hiyo tuliamua kutoipita Mbeya mbiombio. Tulilala siku mbili katika nyumba ya wageni iliyopo Forest ya Zamani, na siku nzima iliyokuwa katikati hatukuliendesha gari hata kidogo. Naandika maoni haya kwa ajili ya familia nyingine zinazoifuata barabara hiyo, hasa zile zenye jamaa au marafiki Mbeya, kwa sababu naamini kwamba nyumba ya wageni inaweza kuusaidia urafiki au kuuharibu, na hii ilitusaidia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Zamani nilikuwa nazimaliza kwa siku moja, nikiondoka alfajiri na kufika usiku macho yakiwa mekundu, jambo ambalo sasa silishauri kwa mtu yeyote mwenye watoto garini. Kuna takriban kilomita 50 za barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako ni lazima uende taratibu kwa sababu ya wanyama, kisha kuna mlima Kitonga na malori yake, halafu vijiji visivyohesabika vyenye vibao vya mwendo wa 50. Safari hii tulilala Iringa, na kesho yake tukafika Mbeya saa tisa alasiri, tukiwa bado na nguvu ya kusalimiana na watu.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anaishi Uyole na familia yake. Nilipompigia simu kumwarifu kwamba tumeshapata pa kulala, alikasirika waziwazi. “Yaani mje Mbeya mkalale gesti wakati mimi nipo?” Nilimwelewa, kwani hata mimi ningesema hivyohivyo. Lakini mke wake alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, mama mkwe wake alikuwa amekuja kumwangalia mzazi, na baba yake mzazi anaishi naye siku zote. Kuongeza watu watano katika nyumba ya namna hiyo ni kumnyima mzazi usingizi. Mke wangu ndiye aliyechukua simu na kulimaliza suala hilo kwa upole: tutashinda kwenu tangu asubuhi mpaka mtuchoke, ila usiku mtuache tulale tulikolipia.

Chumba cha familia tulikipata kwa shilingi 60,000 kwa usiku mmoja pamoja na chai ya asubuhi, nami naona bei hiyo ni ya haki. Kilikuwa na vitanda vitatu, vyandarua safi, na juu ya kila kitanda mablanketi mawili mazito ambayo watoto wangu, waliozoea feni za Dar es Salaam, waliyashangaa mpaka jua lilipozama. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni huko siyo kipupwe cha pwani kinachopoza jasho tu. Ni baridi inayokufanya uvae soksi kitandani. Kwa sababu hiyo kasoro kubwa ya nyumba hii inastahili kutajwa bila kuficha. Hita ya bafuni ilitoa maji ya moto kwa watu wawili tu, kisha ikatoa maji ya baridi kabisa, na mtoto wetu wa mwisho alioga kwa ndoo iliyoletwa kutoka jikoni. Mhudumu aliomba radhi na ndoo ililetwa haraka, lakini mwenye nyumba anayepangisha chumba cha watu watano angefaa kuweka hita inayowatosha watu watano.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni namna walivyotusikiliza. Jioni ya kwanza nilimweleza kijana wa mapokezi kwamba breki zilikuwa zikilia tangu Makambako, na kwamba tukiondoka tungeteremka kwa njia ya Tukuyu hadi Kyela, barabara inayoshuka kutoka kwenye baridi ya milima mpaka kwenye joto la Ziwa Nyasa. Asubuhi fundi alikuja hapohapo uani, akafungua magurudumu, akanionyesha pedi za mbele zilivyokwisha, akaenda nami kuzinunua na kuzifunga. Nyumba ya wageni haikunitoza chochote kwa kumwita, na gari lilibaki chini ya uangalizi wa mlinzi siku nzima huku sisi tukipanda daladala ya Uyole.

Kwa rafiki yangu tulifika saa nne. Mke wangu aliingia moja kwa moja chumbani kwa mzazi na kitenge, sabuni na nguo za mtoto, na sikumwona tena kwa muda mrefu. Sisi wengine tulikaa uani kwenye jua, mlima Loleza ukiwa umesimama kwa mbali upande wa mjini, tukanywa chai ya maziwa kwa viazi vya kuchemsha na maparachichi yaliyoanguliwa pale nyumbani. Watoto walimwamkia babu, naye baada ya kuitikia marahaba akawauliza mmoja mmoja jina na darasa, kisha akaanza kuwafundisha kusalimia Kinyakyusa ili wasiende kumwaibisha mama yao Kyela. Walirudia “ugonile” na “ndaga” mpaka akaridhika.

Mzee huyo alikuja Mbeya akiwa kijana kwa kazi ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Aliwaeleza watoto jinsi mataruma yalivyokuwa yakipangwa na jinsi walivyolala kambini, na mwanangu mkubwa, ambaye nyumbani ni vigumu kumtoa kwenye simu, alikaa naye karibu saa nzima akimuuliza maswali. Ningeendesha gari siku hiyo, mazungumzo hayo yasingekuwepo.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa mchele mpya wa Kyela, ndizi zilizopikwa kwa nyama, na maharage ambayo rafiki yangu aliyasifia kwa fahari, kwa kuwa ni ya mbegu inayobeba jina la Uyole, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti wa kilimo kilicho jirani naye. Shemeji alitoka kidogo na mtoto, akakaa nasi, akanywa uji wake wa pilipili manga, akarudi ndani. Hakuna aliyeangalia saa. Alasiri wanaume tulikwenda soko la Mwanjelwa kununua viazi, kabichi na njegere za kuwapelekea wakwe, maana mchele Kyela wanao, lakini viazi vizuri hutoka huku kwenye baridi.

Jioni rafiki yangu alitusindikiza hadi Forest, na hapo nyumba ya wageni ikapata alama nyingine kutoka kwangu. Nimewahi kulala mahali ambapo mgeni wako anasimamishwa getini na kuulizwa kitambulisho kana kwamba amekuja kuiba. Hapa alikaribishwa sebuleni, akaletewa kikombe cha chai bila malipo, na tukazungumza mpaka saa tatu na nusu bila mtu kuanza kuzima taa.

Tulipoaga saa kumi na mbili asubuhi, chai ilikuwa tayari imewekwa kwenye chupa yetu pamoja na mayai na mkate, kama tulivyoomba usiku. Nawapa alama nne kati ya tano, na ile moja waliyoikosa ni ya maji ya moto. Tutarudi kwa njia hiyohiyo mwezi wa Desemba, na chumba nilikuwa nimekwisha kukiweka, siku mbili kama awali; lakini rafiki yangu ameniarifu kwamba safari hiyo mtoto atakuwa ameshakua, kwa hiyo siku ya pili tulale kwake, nami nimekubali.