Miche ya Rotheca (kichaka cha maua ya bluu) kutoka nasari ya kando ya barabara, Nakuru: nyota nne, ya tano imeliwa na duranta

Kona ya nyuma ya nyumba yangu huku Kiamunyi, chini ya avokado, imenitesa miaka mitatu. Nyasi haishiki, waridi zilikonda zikafa, na mchanga wetu mnaujua, ni jivu la volkeno ya Menengai tu, ukimwaga maji yashaenda kabla hujaweka ndoo chini.

Basi mwaka jana mvua ikianza nikaingia nasari moja (jina naliacha) nikamwambia mzee wa pale nataka kitu cha kwetu kinachovumilia kivuli. Akanitolea Rotheca myricoides, kwa kibao ameandika Clerodendrum, hilo ni jina la zamani lilibadilishwa 1998 lakini nasari nyingi bado zinalitumia. Mmoja 250, nikamwambia mzee wangu nisaidie bana, akanipa mitatu kwa 700. Akaniambia usiupande kwa giza kabisa, unataka jua la asubuhi kidogo.

Sikuskia. Mmoja niliuweka karibu na ukuta, umerefuka kama mtoto wa form two na ua hakuna. Ule wa ukingoni mwa kivuli ndio maajabu, umefika kifuani, na maua yake jamani: petali nne za samawati hafifu zimetanda kama mabawa, ya tano chini ni bluu nzito kama imechovywa wino, halafu kuna vijinyuzi virefu vimejikunja mbele utadhani pembe za kipepeo. Lile linyuki kubwa jeusi linalotoboa mbao za paa likitua, ua lote linainama na vile vijinyuzi vinalipaka unga mgongoni. Nimechelewa kazi mara mbili nikiangalia hiyo kitu. Maua yakiisha nakata matawi bila huruma, inachipuka.

Sasa wa tatu. Ulikua haraka kuliko wote nikaanza kujisifu mpaka kwa majirani, kumbe ni duranta, hii ya fensi iliyotoka bara la Amerika, nikajua siku ilizaa vile vitunda vya njano. Nikarudi na tawi mkononi, mzee akacheka mpaka akakaa, akanipa mwingine bure, ya boda nikajilipia mwenyewe. Akanifunza: twanga jani kwa vidole unuse, Rotheca inanuka vibaya, duranta hapana.

Huu wa bure uko na majani sita, yalikuwa saba, moja nimelitwanga hapo hapo nasari kabla sijatoka.