Taa za Mbele Zilizofifia: Kuzisugua au Kununua Nyingine?
Mwenye Toyota IST au Vitz ya miaka ya mwanzo ya 2000, ambayo taa zake za mbele zimegeuka manjano, anaweza kuzisugua zilizopo au kununua nyingine zilizotumika, kama zile zinazoletwa kutoka Japani na kuuzwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam.

Kioo cha taa hizo kwa kweli ni plastiki ya polikaboneti, nayo hufifia jua linapokula utando unaoikinga. Kusugua huondoa tabaka lililoharibika: fundi hufunika rangi ya bodi kwa selotepu, hutumia msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 3000, na kumalizia kwa polishi. Wengi huishia hapo, na ndiyo maana manjano hurudi mapema. Plastiki iliyobaki bila kinga lazima ipuliziwe vanishi inayozuia mionzi ya jua. Dawa ya meno, inayosifiwa sana, hung'arisha kwa muda mfupi tu.

Kwa manjano ya nje ningesugua bila kusita. Hata hivyo, ukungu ukiwa ndani, kioo kikiwa kimepasuka au kiakisi, yaani sehemu ya ndani inayorudisha mwanga mbele, kikiwa kimebabuka, msasa hausaidii, na hapo gharama kubwa zaidi ya kununua inastahili. Mnunuzi ahakikishe taa ni ya gari la usukani wa kulia, kwa kuwa ya usukani wa kushoto humulika machoni mwa dereva anayekuja, na aikague mchana, kwani taa iliyotumika huenda nayo ikahitaji kusuguliwa.