Kompyuta Mpakato Iliyotumika kwa Mtumiaji wa Linux jijini Mwanza: Ipi Itangulie?

Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wanaoingia katika maduka ya kompyuta zilizotumika hapa Mwanza huuliza kwanza kama mashine inakubali Windows 11, mfumo ambao kwa upande wa Intel unadai, kwa masharti rasmi, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa anayekusudia kuweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, swali hilo halina uzito, isipokuwa kama hoja ya kuombea punguzo. Nimezipanga mashine hizi nikimfikiria mwanafunzi, mwalimu au mwenye duka anayeandika, anayetunza hesabu na kuingia mtandaoni, na ambaye umeme humkatikia bila taarifa.

Ya kwanza ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018, na sababu yangu ni betri. Inazo mbili: ya ndani, na ya nje inayochomolewa kwa mkono bila bisibisi. Kwa kuwa ile ya ndani huendelea kuibeba mashine, unaweza kubadilisha ya nje huku waraka wako ukiwa wazi kwenye kioo, jambo ambalo mtu wa Nyegezi aliyewahi kukatikiwa umeme katikati ya ripoti, au msafiri wa meli ya Nansio, hahitaji kuelezwa faida yake. RAM yake huongezwa kwa urahisi, na Wai-Fai yake ya Intel hutambuliwa na Linux papo hapo. Ijaribu hata hivyo kuchaji kupitia tundu la USB-C ukiwa bado dukani, kwa maana tundu hilo lina historia ya kugoma katika toleo hili.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita, hivyo Windows 11 haiikubali rasmi, na hapo ndipo penye nguvu yako ya kupatana bei. Ina nafasi mbili za RAM, na Mint huendeshwa humo bila kulalamika. Kagua kioo: zipo zenye 1366 kwa 768, zinazochosha macho kwenye majedwali ya LibreOffice (programu ya bure ya ofisi), na zipo zenye 1920 kwa 1080. Chukua hizi za pili hata kama utaongeza fedha kidogo.

Dell Latitude 7490 ni ya tatu. Ni mashine imara, lakini betri yake iko ndani, na ikiwa bei yake inalingana na ya T480 sioni sababu ya kuichagua.

MacBook Air za zamani, zile za hadi mwaka 2017, naziweka mwisho kabisa. RAM yake imechomelewa, na Wai-Fai yake ya Broadcom mara nyingi huhitaji kiendeshi (programu ya kukitambulisha kifaa kwa mfumo, yaani driver) cha ziada, kiasi kwamba siku ya kwanza utajikuta umeunganisha simu kwa waya ili upate mtandao wa kukuwezesha kupata mtandao.

Usiende dukani bila flashi yenye Linux Mint. Faili lake ni karibu GB 3, basi afadhali ulichukue kutoka kwa rafiki kuliko kulimalizia bando. Washa mashine ukibonyeza F12 kwa ThinkPad na Dell, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi. Mfumo utafunguka bila kugusa diski. Unganisha mashine na Wai-Fai ya simu yako, jaribu kila kitufe cha kibodi, kisha fungua dirisha la amri na uandike upower -d. Linganisha energy-full, yaani kiasi ambacho betri inaweza kubeba sasa ikijaa, na energy-full-design, kiasi ilichoundwa kubeba ilipokuwa mpya. Mimi nilipuuza hatua hii katika duka moja la katikati ya jiji, nikaamini asilimia 100 iliyoonekana pembeni ya kioo. Nilipofika nyumbani nikakuta betri ya ndani iliyoundwa kwa Wh 24 (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri) imebakiwa na Wh 9.

Jaribu pia kuingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell na F10 kwa HP. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo, hata akikuahidi fundi wa kulitoa, kwa sababu nenosiri la msimamizi katika ThinkPad halifutiki kwa kuchomoa betri. Ukiridhika, dai risiti ya EFD na uhakikishe namba ya mashine imeandikwa kwenye karatasi ya dhamana kabla hujatoa fedha.