Bima ya upasuaji wa kupunguza uzito: anza na kipengele cha upasuaji wa pili

Malalamiko ya waliokataliwa madai yanafanana mno. Wakala alisema upasuaji wa kupunguza uzito unalipiwa. Mkataba unasema unalipiwa mara moja tu maishani. Watu wanalinganisha ada na orodha za hospitali, hayo maneno ya "mara moja" wanayaruka.

Hapo ndipo pesa zinapopotea. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi huondoa takriban asilimia 80 ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba. Baadhi ya wagonjwa hupata kiungulia kikali kisichosikia dawa, na tiba yake mara nyingi ni kuugeuza kuwa baipasi (upasuaji unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo), yaani kurudi kwenye kisu. Baipasi nayo ina yake: utumbo unaweza kunasa ndani hata baada ya miaka, na hiyo ni dharura. Kupungua haraka huleta pia mawe kwenye kibofu cha nyongo. Kwa hiyo tafuta mkatabani "matatizo yatokanayo na upasuaji" na "upasuaji wa marekebisho". Ukiyakuta kwenye orodha ya visivyolipiwa, usitie sahihi.

Ninayoipendelea waziwazi ni bima ya kundi kupitia mwajiri. Maswali kuhusu afya yako ya nyuma huwa machache, na kipindi cha kusubiri kabla bima haijaanza kulipa mara nyingi hufupishwa au kuondolewa. Ila mwajiri ndiye anayechagua yaliyomo, na wapo wanaouondoa upasuaji huu kabisa ili kubana gharama. Omba mkataba wenyewe, si kijitabu chenye picha.

Inafuata bima binafsi kamili, mradi uinunue mapema, kwa sababu kusubiri mwaka au zaidi ni jambo la kawaida. Usipunguze kilo zako kwenye fomu: kampuni ikigundua, inaweza kufuta mkataba wote.

Ya tatu ni nyongeza inayobandikwa juu ya bima uliyonayo. Uliza kama kikomo chake kinajumuisha mtaalamu wa usingizi, vipimo na chumba cha wagonjwa mahututi. Bima nafuu za kulazwa tu, nyingi zimeutaja unene kwenye visivyolipiwa. Hazistahili muda wako.

Kabla ya kuiomba bima idhini ya upasuaji, piga hesabu ya BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu: kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 110 na mita 1.65 anapata 40.4. Kampuni nyingi bado zinashikilia vigezo vya 1991, yaani 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha hadi 35 hata bila ugonjwa, lakini bima hazina haraka ya kusikia habari zinazozigharimu.

Zipo pia zinazodai miezi 3 hadi 6 mfululizo ya lishe chini ya daktari. Ukikosa mwezi mmoja, unaweza kuanzishwa upya. Uliza wanahesabu uzito wa siku gani: ukipungua kwa bidii ukashuka chini ya kigezo, wengine wanakunyima idhini. Wakala hulipwa kamisheni unaponunua na dai likikataliwa harudishi kitu, kwa hiyo majibu yake yote yaje kwa maandishi.

Kuondoa ngozi inayoning'inia baadaye huitwa urembo. Ikiwa unapata vipele au vidonda kwenye mikunjo, daktari aviandike kila unapomwona na apige picha. Bila kumbukumbu hizo dai halisogei.