Vijana waliotutengenezea ua wa sinagogi: nimeikagua kazi yao

Baba yangu hapandi gari siku ya Sabato. Huenda sinagogi kwa miguu, na mkongojo wake, na kwa miaka mingi hatua zilizomtesa zaidi zilikuwa zile za mwisho, kutoka langoni hadi mlangoni. Mizizi ilikuwa imenyanyua vigae, na mvua ikinyesha maji yalituama palepale pa kukanyaga. Kwa hiyo vijana wa kujitolea walipomaliza kazi, sikuanza na maua. Nilianza na njia.

Njia wameiweza. Waling'oa vigae vyote, wakashindilia kokoto, ndipo wakavirudisha, na wameilaza njia kidogo upande wa bustani ili maji yateremkie kwenye miche. Nilimkuta binti mmoja amepiga magoti na pimamaji yake. Anapima kigae, anakitoa, anaongeza mchanga kiganja kimoja, anakirudisha, anapima tena. Kigae kimoja, mara nne. Sabato iliyofuata baba alifika mlangoni bila kunishika mkono.

Halafu, waliuliza kabla ya kuchimba. Wengi wao si Wayahudi. Walitaka kupanda mti wa kivuli katikati ya ua, na kweli pangependeza, lakini hapo ndipo tunapojenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na kibanda kikiwa chini ya matawi ya mti hakifai. Lazima juu yake iwe mbingu. Mti wakauhamishia kwenye uzio. Kona ya nyuma tumezika vitabu vitakatifu vilivyochakaa, maana maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi. Hiyo hawakuitia jembe kabisa, wameizungushia mawe tu. Ijumaa walikusanya vifaa mapema, Jumamosi hakuonekana mtu, Jumapili asubuhi toroli likaanza tena kulia.

Penye jua wamepanda mtini, mkomamanga, mzeituni na mzabibu, minne kati ya mimea saba ya Kumbukumbu la Torati 8:8. Kila mmoja una kibao chenye mwezi na mwaka wa kupandwa. Mgeni ataona pambo, lakini sisi tunakihitaji: matunda ya mti katika miaka 3 ya kwanza hayaliwi, kama ilivyo katika Walawi 19:23, na bila tarehe watu wazima wangebishana chini ya mkomamanga.

Kasoro ninazo mbili. Mtini wameusogeza mno ukutani, na mizizi ya mtini huenda mbali. Uhamishwe sasa ungali mche. Na mabenchi hayana pa kuegemea. Mzee aliyetembea mpaka huku anahitaji kuegemeza mgongo.

Nimewaambia yote mawili. Juzi kijana anayewaongoza alirudi, akamwomba baba akae vile anavyopenda kukaa, akampima mgongo kwa futi kamba, akaandika kipimo kwenye ubao wa benchi kwa penseli.